Bega la Kulia

Mama yangu alichuma chai kwa miaka kumi na tisa katika shamba moja kubwa lililo kati ya Kericho na Bomet, na kazi hiyo ilimwishia kwa sababu ya densi yangu ya dakika ishirini na mbili. Nimejaribu kuisema sentensi hiyo kwa njia nyingine. Nimewahi kuwaambia watu kwamba shamba lilikuwa linapunguza wafanyakazi. Nimewahi kusema kwamba alikuwa amechoka, na kweli alikuwa amechoka. Lakini watu wa kambi yetu wanajua ilivyokuwa, na hadi leo nikikutana na mmoja wao mjini Kericho huwa naangalia viatu vyangu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na digrii ya ualimu ambayo sikuitumia hata siku moja. Chuo kikuu kilikuwa kikifungwa mara kwa mara kwa migomo, na katika kipindi kimoja kama hicho, badala ya kurudi nyumbani, nilimfuata rafiki yangu hadi ukumbi mmoja Nairobi ambako mtu aliyesomea ng'ambo alikuwa akifundisha densi ya aina ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Hakukuwa na hatua za kukariri. Alitwambia tuketi, tuinuke, tubebe ndoo tupu kama imejaa, halafu tuibebe ikiwa imejaa kama tupu. Alitwambia twende tukatafute miendo ambayo bado haijapewa jina. Nilipenda mambo hayo mara moja, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kuhoji. Nikiwa darasa la saba nilimuuliza mchungaji wetu ni nani aliyemuumba Mungu, mbele ya waumini wote, na Mama akanivuta sketi. Chuoni niliwauliza wahadhiri kwa nini wanasoma kutoka kwenye karatasi zilizogeuka manjano. Sasa nikapata kazi ambayo kuhoji ndiyo kazi yenyewe: kwa nini densi iwe na muziki, kwa nini mchezaji atazame watu, kwa nini mwili uwe mzuri.

Kufikia wakati nilipohitimu nilikuwa nimetunga densi mbili fupi. Walioziona hawakuwa wengi, lakini mmoja wao aliandika gazetini, nami nilikata kile kipande nikakiweka ndani ya Biblia niliyopewa na Mama.

Lazima nieleze kuhusu nyumba. Katika kambi ya shamba, nyumba hufuata kazi. Yetu ilikuwa chumba kimoja na jiko, kuta zimepakwa chokaa, nambari imeandikwa mlangoni kwa rangi nyeusi. Anayefanya kazi hukaa. Anayeacha au kuachishwa hutoka mwezi ukiisha. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Shamba lake huko Soin lilibaki mikononi mwa ndugu zake, ambao kila tulipokwenda walitusalimu vizuri, wakatunywesha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, lakini hawakutuonyesha mpaka wetu ulipo. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili katika shule aliyofika kwa miguu kutoka kambini. Kwa hiyo mikono ya Mama, ile nyumba na shule ya mdogo wangu vilikuwa kitu kimoja. Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Siwezi kusema sikulijua.

Aprili ile nilirudi nyumbani na daftari. Nilitaka kutunga densi kuhusu uchumaji wa chai. Nilikuwa nimechoka kuona chai kwenye kalenda: mwanamke anatabasamu, kikapu mgongoni, kijani kila mahali. Nilitaka kazi yenyewe. Nilimwomba Mama anipeleke shambani nikae nitazame.

"Kutazama nini?" aliuliza.

"Vile mnafanya."

"Si umelelewa hapa? Hujaona?"

"Niliona nikiwa mtoto."

Alifunga aproni ya plastiki kiunoni. Jirani yetu, mwanamke kutoka Kisii ambaye nilimwita anti tangu nikiwa mdogo, alikuwa mlangoni akimngojea. Yeye na Mama waliongea Kiswahili siku zote, kwa sababu hakuna aliyewahi kujifunza lugha ya mwenzake zaidi ya salamu na matusi.

"Mwache aje," anti alisema. "Ataona vile pesa ya kalamu yake ilitoka."

"Aje basi," Mama akasema. Kisha akanigeukia. "Lakini usikae ukiniangalia mimi. Angalia hao wengine. Wako na nguvu."

Nilidhani ni haya ya mama mbele ya mtoto wake. Niliona hata inapendeza.

Nilikaa siku tatu kwenye ukingo wa mtaro, mwavuli mkononi, kwa sababu kule mvua haikosi mchana. Wachumaji walisimama kila mmoja kwenye mstari wake, michai ikiwafika kiunoni, kila mmoja na ufito wake mrefu alioulaza juu ya michai kupima usawa. Kinachochomoza juu ya ufito ndicho kinachochumwa: majani mawili na chipukizi lake. Mikono ilikwenda mbele, ikakusanya, ikarushwa juu ya bega hadi kikapuni. Walikuwa wamezoea kiasi kwamba waliongea habari za ndoa na mazishi bila kutazama vidole vyao.

"Mwalimu," mmoja aliniita, "umeandika kwamba nina miguu mibaya?"

"Miguu yako haionekani, imefichwa na chai."

"Asante Mungu!"

Wote walichuma hivyo, isipokuwa Mama. Mkono wake wa kulia haukupita kifua. Ulichuma chini chini, karibu na tumbo, ukapitisha majani kwa mkono wa kushoto, kisha mwili wote ukageuka kutoka kiunoni na mkono wa kushoto ukayarusha nyuma. Ulikuwa mwendo mrefu, wa mviringo, kama mtu anayetaka kuitika jina lake lakini anabadilisha nia. Na kilichonishangaza zaidi ni wale wawili walio kando yake. Anti, upande wa kushoto, kila baada ya muda alipiga nusu hatua mbele akamkinga Mama kwa kikapu chake. Msichana mmoja wa upande wa kulia alitupa konzi yake ya majani ndani ya kikapu cha Mama badala ya chake, bila kutazama, bila neno. Mmoja anasonga, mmoja anageuka, mmoja anatoa. Walifanya hivyo tena na tena, na ilifanyika zaidi nyapara alipopita na mwavuli wake mweusi.

Niliandika kurasa kumi na moja. Niliandika kwamba nimegundua densi iliyojificha ndani ya kazi, ambayo wachezaji wenyewe hawajui kwamba wanaicheza. Jioni, nyumbani, Mama alisonga ugali kwa mkono wa kushoto na akamwambia mdogo wangu amteremshie sufuria kutoka rafuni. Daftari hilo bado ninalo. Katika ukurasa wa siku hiyo nimeandika: "Mama anasonga kwa kushoto. Nzuri sana."

Mimi niliyemuuliza mchungaji habari za kuumbwa kwa Mungu sikumuuliza mama yangu mkono wake una nini.

Nairobi nilikuwa na wachezaji wanne. Tulifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi ambao asubuhi ulitumiwa na wanawake wa ushonaji, kwa hiyo kwanza tulifagia sindano. Miezi miwili tulikuwa tukijenga kitu kimoja: mikono inayochuma bila chai. Niliwafundisha kuchuma hadi vidole vikaenda vyenyewe, halafu nikaondoa vidole, nikabakisha viwiko, halafu nikaondoa viwiko, nikabakisha mabega na pumzi. Hakukuwa na muziki isipokuwa sauti ya nguo za plastiki tulizovaa. Katikati ya densi niliweka sehemu ya watu watatu. Mimi nilicheza Mama. Wawili walicheza wale majirani.

Mchezaji mmoja, kijana mcheshi aliyekuwa fundi wa redio, alilalamika tangu wiki ya kwanza.

"Hii kitu inavunja kiuno. Nani huchuma chai namna hii?"

"Mama yangu."

"Basi mama yako ni mgonjwa."

Tulicheka. Nikamwambia arudie kutoka mwanzo.

Densi ile ilipokewa vizuri Nairobi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Ilichezwa usiku mmoja, ikaongezwa wa pili. Aliyeandika gazetini aliisifu hasa ile sehemu ya watatu. Alisema ni picha ya ushirikiano wa wanawake mashambani. Nilikubaliana naye. Habari zilifika hadi shambani, na afisa wa ustawi wa wafanyakazi akaniandikia barua: kila Desemba kambi zote hukutana kwa michezo, kwaya na kuvuta kamba, na mwaka huo wangependa binti wa kambi aje aonyeshe kipaji chake. Nilisoma barua hiyo mara nyingi. Nilikuwa nimewahoji watu wote wa nyumbani, kanisa lao, shule zao, hata chakula chao, na sasa nilitaka wanipigie makofi.

Mama alikuja kwenye ukumbi wa kambi na nguo yake ya kanisani, ya buluu, na kitambaa cheupe kichwani. Aliketi katikati ya wanawake wa mstari wake. Mbele kabisa kulikuwa na meneja na mkewe, afisa wa ustawi, makarani, na nyuma yao manyapara wamekaa pamoja kama wanakwaya. Niliwaona wote kupitia tundu la pazia. Kwa Mama nilikuwa nimesema tu kwamba ni densi ya chai.

"Sawa," alikuwa amejibu, "bora usivae zile nguo za kubana."

Tulianza. Kimya chetu kiliwachekesha kwanza.

"Wamesahau redio!" mtu akapaza sauti.

"Stima imepotea!"

Halafu wanawake wakaanza kutambua. Mchezaji mmoja alipoegemea kando na kutazama juu kwa jicho moja, ukumbi mzima ukalipuka: "Karani wa mizani! Ni yeye!" Walitambua kunawa miguu mtaroni, kukung'uta kikapu, kumkimbia nyuki. Walituambia cha kufanya. Sijawahi, kabla wala baada ya siku hiyo, kuchezea watu walionijua hivyo. Nilikuwa na furaha ambayo bado naikumbuka mwilini, na hiyo pia naionea haya.

Ndipo tukafika sehemu ya watatu. Nilishusha mkono wa kulia karibu na tumbo. Nikapitisha majani yasiyokuwepo kwa mkono wa kushoto. Nikageuka. Mwenzangu akapiga nusu hatua mbele akanikinga. Mwingine akatupa konzi yake nyuma yangu. Watu husema ninafanana na Mama sana, hasa shingo. Kicheko cha wanawake kilikatika. Mmoja alisema "Uwi," si kwa sauti kubwa. Tulirudia mwendo ule mara tisa, kama nilivyotunga, kila mara polepole zaidi, ili asiwepo mtu atakayekosa kuuona. Anti alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Mama alikuwa akitazama magoti yake.

Nilidhani nimewagusa.

Baadaye palikuwa na soda na mikate. Meneja alinipa mkono, mkewe akauliza kama nilisomea Ulaya. Kisha nyapara wa sehemu ya Mama akanijia na chupa mbili, akanipa moja. Alikuwa mtu wa makamo, mzee wa kanisa, asiyependa kelele. Alinijua tangu nikiwa na pengo la meno.

"Mwalimu, leo umetuweza."

"Asante sana, mzee."

"Hiyo ya kugeuka hivi," akasema, akijaribu mwenyewe kwa kiwiko, soda ikimwagika kidogo. "Hiyo ulitoa wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kwamba niliibuni. Densi ni densi. Hakuna anayeweza kumfuta mtu kazi kwa sababu ya ndoto ya msichana wa chuo. Lakini nilikuwa nimeulizwa kuhusu kazi yangu, na mtunzi akiulizwa kuhusu kazi yake hujibu.

"Kwa mama yangu," nilisema. "Anachuma hivyo. Na wale wawili wa kando yake, mimi sikuwabuni. Nimewaangalia siku tatu. Wanajipanga wenyewe, mmoja anamkinga, mmoja anamwongezea majani. Na unajua wakati gani hasa? Wewe ukipita."

"Mimi nikipita."

"Ndiyo. Nafikiri mwavuli wako ndio unawapa mdundo."

Sikuona hasira usoni mwake. Nadhani alikuwa akinihurumia, au alikuwa akijihurumia mwenyewe kwa kuambiwa jambo ambalo sasa hangeweza kujifanya halijui.

"Mdundo," alisema. Akamaliza soda yake.

Nilipofika nyumbani anti alikuwa ameketi kitandani kando ya Mama. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na jiko na hakuniangalia. Niliuliza kama walipenda densi.

"Wewe," anti alisema, "mama yako alikukosea nini?"

Nilisimama na begi langu la mavazi mkononi.

"Alianguka," akaendelea. "Mei ya mwaka jana, kwa ile njia ya udongo, na kikapu imejaa. Bega ikatoka mahali yake. Mimi na yule msichana tulirudisha huko huko shambani, yeye akiuma kamba ya kikapu. Unajua kwa nini hakuenda dispensari? Sema. Si umesoma?"

Niliweka begi chini. Akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu ukiandikwa dispensari ya kwamba mkono haiinuki, unatolewa kwa chai unapelekwa palizi. Na palizi ni kibarua. Kibarua hana nyumba. Mwaka moja na nusu tumeficha huyu mtu. Mwaka moja na nusu! Wewe umekuja na watoto wa Nairobi ukafanya mara tisa. Nilihesabu."

"Mwache," Mama alisema. "Alikuwa hajui."

"Hakujua? Si huyu ndiye alikuwa anauliza pasta ni nani alizaa Mungu? Sasa hii angeuliza nani? Angeuliza mimi, nilikuwa hapo tu, ningemwambia!"

"Nyapara hata hakuangalia vizuri," Mama alisema. "Alikuwa anaongea na mwenzake. Niliona."

Ndipo nikawaambia nilichomwambia nyapara. Nilikisema chote, hata maneno ya mdundo. Anti alisimama, akapita kando yangu akatoka, na mlango hakuufunga. Mama alibaki ameketi. Baada ya muda alimwambia mdogo wangu aweke maji ya chai.

Jumatatu aliitwa ofisini, nami nikaenda naye. Hakutaka. Nilisisitiza, kwa sababu niliamini kwamba nikiongea Kiingereza vizuri mambo yatageuka. Mle ndani kulikuwa na afisa mmoja, karani, na nyapara amesimama dirishani. Nilianza kueleza kabla hatujakaribishwa kuketi. Nilisema sanaa si ushahidi. Nilisema niliyoyacheza ni ubunifu, kwamba mtunzi hutia chumvi, kwamba hakuna sheria duniani inayomhukumu mtu kwa densi. Nilitaja katiba. Karani aliacha kuandika akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeingia kanisani.

"Ni sawa, mwalimu," nyapara alisema. Alimgeukia Mama, na sauti yake ilikuwa ya heshima. "Mama, inua tu mkono. Ukiinua, tumemaliza, tunarudi kazini sisi wote."

Mama aliinua mkono wa kulia. Ulifika kwenye kifungo cha pili cha sweta yake. Hapo ukasimama, ukatetemeka. Akaegemea upande wa kushoto, mwili wote ukageuka kutoka kiunoni, ili bega lipande angalau kidogo, na mkono ukapanda kidogo.

Kwa miezi yote ile sikuwa nimeiona miguu yake, kwa kuwa shambani miguu hufichwa na michai. Niliikisia. Sasa niliiona, kwenye sakafu ya saruji, katika viatu vyake vya kanisani. Uzito wote ulikuwa mguu wa kushoto, goti limelegea. Na mimi, nikiwa nimesimama nyuma ya mama yangu katika ofisi ile, niliwaza kwamba jukwaani nilikuwa nimeuweka uzito huo mguu wa kulia, na kwamba ndiyo maana mgeuko wetu ulikuwa mzito mwishoni. Lilikuwa wazo la sekunde mbili. Nimeandika kurasa hizi zote ili nifike kwalo, kwa sababu mengine yote yanaweza kuitwa kutojua.

"Inatosha, Mama," nyapara alisema.

Walimpa hadi mwisho wa mwezi. Anti na yule msichana walipewa barua za onyo na kutenganishwa, mmoja akapelekwa sehemu ya mbali ng'ambo ya mto. Siku ya kuhama watu walitusaidia kubeba vitu hadi barabarani: kitanda, meza, sufuria, kuku wawili ndani ya kikapu. Walimsaidia Mama. Kwangu walipitisha vitu bila kusema neno. Anti alimkumbatia Mama kwa muda mrefu, kwa uangalifu, akikwepa bega. Mimi niliponyoosha mkono alisema ana mafuta mikononi.

Tulikwenda Boito kwa dada yake Mama, mjane mwenye ng'ombe mmoja na michai michache yake mwenyewe. Huko Mama alipewa chumba cha nyuma. Mdogo wangu alihamia shule ya karibu, ambako walimrudisha kidato cha pili akaanza upya na watoto asiowajua. Mama alijifunza kukamua kwa mkono mmoja. Bega lilipelekwa hospitali hatimaye. Daktari alisema lingetibika kama lingeonwa mapema.

Februari ilikuja barua kutoka ng'ambo. Tulialikwa kuicheza densi ile kwenye tamasha, wachezaji wote watano, tiketi zimelipwa. Nilikuwa nimewaeleza wenzangu yaliyotokea, si yote, lakini ya kutosha. Tukiwa nyuma ya jukwaa siku yenyewe, baridi ya huko ikitutoa machozi, yule fundi wa redio aliniuliza taratibu:

"Tutoe ile ya watatu? Tunaweza kuruka. Hakuna mtu hapa anaijua."

Sikuwaza kwa muda mrefu. Niliwahi kuwaambia watu kwamba niliwaza.

"Tuache ilivyo," nilisema. "Ila nitaweka uzito mguu wa kushoto."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda mahali pake. Na mgeuko ule ulifunguka. Ulikuwa ule ule hasa. Sijawahi kucheza vizuri kama usiku ule, na makofi yalikuwa marefu, na kazi nyingine zote nilizozipata baadaye zilitokana na usiku huo.

Pasaka nilikwenda Boito. Nilimkuta Mama ameketi nje akipepeta mahindi, ungo kwenye mapaja, akiutikisa kwa mkono wa kushoto. Aliniuliza habari za safari, kama ndege hutikisika, kama huko kuna chai. Nilimwambia chai yao ni maji. Alicheka. Kisha, bila kuniangalia, akauliza:

"Na ile densi, mliicheza?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo njia nzima. Nilitaka kumpa kitu.

"Hapana, Mama. Niliiacha. Tulicheza nyingine. Niliona si heshima."

Ungo ulisimama.

"Uliiacha?"

"Ndiyo."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Aliokota kijiwe kati ya mahindi akakitupa mbali.

"Mimi nimeambia hawa wa kanisa hapa ya kwamba mliicheza," alisema. "Nikawaambia hao wazungu wameona vile sisi tulikuwa tunasaidiana. Mimi na mama wa Kisii, na yule msichana." Akaanza tena kupepeta. "Sasa hata hiyo haikubaki."

Ningesema nini? Kwamba nilidanganya, kwamba niliicheza, tena vizuri kuliko siku zote, kwa sababu ya kile nilichokiona ofisini siku alipofedheheshwa? Nilichukua kijiwe kingine kutoka kwenye ungo wake. Dada yake akatuita tukanywe chai.

Tangu hapo nimeicheza densi ile katika miji sita. Mama hajauliza tena. Wageni wakija Boito na kuniuliza nafanya kazi gani, yeye hujibu kwa niaba yangu, kwa upole, ili nisione haya: anasema nilisomea ualimu, na kwamba zamani kidogo nilikuwa nikicheza.